Oili ya Mluzi

Katika nyumba ile gari halikuzimwa hivi hivi. Likishaingia uani na kusimama mahali pake, kila aliyemo alibaki kitini, injini ikiendelea kunguruma taratibu, mpaka mwenye usukani aseme, "Haya, ameshapumua." Wageni walikuwa wakiduwaa. Mtu amefika, mlango wa nyumba anauona, harufu ya chai inamfikia puani, naye anashikiliwa garini kama mtuhumiwa. Wengine walidhani kuna dua inayosomwa kimoyomoyo, wakainamisha vichwa.

Hakukuwa na dua. Gari lilikuwa na turbo, kile kidude kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili nacho kiisukumie injini hewa zaidi. Huzunguka kwa kasi isiyosemeka na huwaka moto. Ukizima injini ghafla, oili iliyokuwa ikikipoza husimama humo humo, ikaungua, ikawa masizi. Kwa hiyo gari lilipewa nafasi ya kupumua. Lilipopanda mlima lilitoa sauti nyembamba ya mluzi, ndiyo maana likaitwa Mluzi, na kwa kuwa lilikuwa na jina, watu wa nyumba ile walilizungumzia kama wanamzungumzia ndugu mwenye afya ya mashaka.

Mambo mengi ya nyumba ile yalisemwa hapo, gari limesimama na injini inaunguruma. Mtoto wao wa kiume alitangaza kwamba anaoa wakati Mluzi akipumua. Mama mwenye nyumba alitangaza hapo hapo kwamba amechoka na kazi na anastaafu. Huwezi kushuka, huna pa kukimbilia, na mbele yako ni ukuta mtupu. Mtu atasema tu.

Aliyekuwa akishika usukani ni mzee mmoja mpima ardhi mstaafu, ambaye wenzake kazini walimbandika jina la Nukta kwa sababu ya ubishi wake juu ya vitu vidogo. Mkewe alikuwa mkunga, na watu wote walimwita Mkunga hata baada ya kuacha kazi, wakiwemo wale aliowazalisha na sasa wana ndevu. Wa tatu alikuwa kaka yake Mkunga, mjane, aliyewapikia wanafunzi wa shule ya bweni maisha yake yote ya kazi na sasa alikaa kwenye chumba cha uani. Nukta alimwita shemeji, naye alimwita Nukta shemeji, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwachanganya, sisi pia tutamwita huyu mpishi Shemeji.

Sasa, gari lilikuwa la nani? Baba yao Mkunga alipofariki aliliacha kwa watoto wake wawili, nusu kwa nusu. Mkunga aliweza kuendesha lakini hakupenda. Shemeji hakujua kuendesha na hakutaka kujua. Nukta, ambaye hakurithi hata tairi la akiba, ndiye aliyeendesha, aliyeosha, aliyebadilisha oili na aliyeongea kuhusu gari mbele za watu. Mambo yakapangika hivyo yenyewe, na kwa miaka mingi hakuna aliyeona ubaya.

Ubishi wao ulikuwa mmoja tu, nao ni wa oili. Kitabu cha gari kilisema 5W-30, na Nukta alikuwa mtu wa kitabu. Aliweza kukueleza, hata kama hukuuliza, kwamba namba ya kwanza inasema oili inakimbia vipi injini ikiwa baridi, na ya pili inasema inabaki na uzito gani injini ikishachemka, na kwamba turbo inataka oili iifikie mapema asubuhi, kabla haijaanza kusaga chuma kwa chuma. Nyepesi ndiyo hiyo. Shemeji kwa upande wake aliona kitabu kiliandikwa gari likiwa jipya. Vyuma vimelika, nafasi kati yake zimekua, na oili nyepesi ikichemka inapita hapo kama maji kwenye chujio. Gari likizeeka, litiwe nzito, 20W-50, itulie mahali pake. Nukta alimwambia oili si uji. Shemeji akamwambia injini si karatasi. Waliyasema haya kila Jumapili asubuhi wameegemea boneti, kwa maneno karibu yale yale, na ukweli ni kwamba walikuwa wakiifurahia sana Jumapili yao.

Halafu akaja jirani mpya.

Alikuwa daktari wa meno, mtu mpole, aliyewahi kuwa na gari la aina hiyo hiyo likamfia turbo njiani. Alipenda kujua siri ya hili. Kumuuliza Nukta siri ya Mluzi ni sawa na kufungulia bomba na kuondoka na koki. Alimzungusha mgeni gari zima, akamfungulia boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili na kumwonyesha kwa kidole.

"Halili oili," alisema. "Nikibadilisha leo, mpaka nibadilishe tena, kijiti kinasoma pale pale. Gari la umri huu, lenye turbo. Kitabu kimesema nyepesi, nimetia nyepesi, basi."

Shemeji alikuwa amekaa barazani na chai yake kwenye kikombe cha bluu kilichovunjika mkono, ambacho hakuna mwingine aliyekitaka. Akapaliwa. Daktari wa meno akauliza kama yuko salama. Nukta, aliyekuwa amenogewa, akasema kwa mzaha kwamba shemeji yake huyu angeachiwa gari angelitia uji. Mgeni akacheka kidogo kwa adabu. Shemeji akafuta kidevu na kusema kuna mambo ya gari lile ambayo si kila mtu anayajua. Akaulizwa mambo gani. Akanyamaza.

Mtu akisema kuna mambo halafu akafunga mdomo, bora angekutukana. Nukta akamkazania ayaseme hayo mambo mbele ya mgeni. Shemeji akageuza maneno, akasema yeye anachojua gari ni la baba yake.

"La baba yako, sawa," Nukta akasema. "Lakini wewe humo ni abiria tu."

Hakuna aliyepandisha sauti. Daktari wa meno alikumbuka kwamba kuna kitu ameacha jikoni. Shemeji alimaliza chai yake yote, akaingia chumbani kwake. Kabla ya wiki kwisha alitangaza kwamba binti yake, anayekaa mji wa ng'ambo ya milima, amemwomba akakae naye kwa muda. Nukta alijitolea kumpeleka na gari. Shemeji akashukuru, akasema abiria hupanda basi. Akaondoka na sanduku lake, na baadaye Mkunga alikitafuta kile kikombe cha bluu asikione.

Mluzi aliendelea kupumua kila aliporudi nyumbani, lakini sasa walikuwa wawili garini na hakuna aliyesema kitu. Mkunga alitazama ukuta. Alikuwa amezaliwa tumbo moja na watu watano na huyu ndiye aliyekuwa amebaki. Nukta alijua hivyo. Alijua pia kwamba neno lile halikuwa na kazi yoyote ila kumfanya mtu mzima aonekane mdogo mbele ya mgeni, na lilipokwisha kutoka lilimchoma yeye mwenyewe hata kabla ya kumfikia mwenziwe. Alitunga maneno ya kuomba radhi akiwa bafuni, akiwa anafagia, akiwa kitandani. Yote yalikuwa mazuri mpaka yanapofika kwenye "lakini". Hakuweza kutunga hata moja lisilo na lakini.

Jioni moja, injini ikiwa bado inaunguruma, Mkunga alisema bila kugeuza kichwa, "Gari likifa nitaliuza vyuma, nitasahau. Kaka sina mwingine wa kunisahaulisha huyu."

"Haya, ameshapumua," Nukta akasema, na akazima.

Haukupita muda Mluzi akaanza kuumwa. Kwanza ni taa ya oili, iliyokonyeza mara moja walipokuwa wamesimama kwenye foleni juani. Nukta alipofika nyumbani alichomoa kijiti na kukuta oili imeshuka chini ya alama ya chini. Hilo haliwezekani. Akafuta kijiti, akarudisha, akachomoa tena. Akaona kosa lazima liko kwenye ardhi. Akaleta pima maji, akalaza ubao uani, akapima mwinuko wa mahali gari liliposimama, kwa mapana na kwa marefu, huku mkewe akimwangalia kutoka dirisha la jikoni. Ua ulikuwa sawa kabisa. Alikuwa ameusawazisha mwenyewe.

Akaongeza oili nyepesi. Ikaisha. Akaongeza tena. Bomba la moshi likaanza kutoa moshi wa bluu, injini ikichemka ikawa inagongagonga kama mtu anayehesabu visahani, na ule mluzi mwembamba ukawa mnene, wa kelele. Gari ambalo kwa miaka halikula hata tone lilikuwa sasa linakula kuliko watu wa nyumba.

Ikabidi afikirie jambo ambalo hakulipenda: huenda Shemeji alisema kweli. Alilifikiria siku nzima akiwa amenuna. Asubuhi iliyofuata alikwenda duka la vipuri, si lile alilozoea, bali la mtaa wa pili ambako hawamjui, akanunua galoni la 20W-50 na kulifunga kwenye gazeti. Alilala chini ya gari, akafungua nati ya kumwagia, oili yote ikatoka. Akatupa washa ya zamani, ile pete ndogo ya kuzibia nati isivuje, ndani ya kopo anamotupia washa zote za zamani, akafunga washa mpya ya shaba kama afanyavyo kila mara, akamimina uji.

Kwa mchana mmoja alidhani Mluzi amepona. Injini ilitulia, moshi ukapungua. Lakini ulikuwa msimu wa baridi, na alfajiri iliyofuata alipowasha gari, taa ya oili ikagoma kuzimika na kule kwenye turbo kukatoka sauti ya chuma kavu, kilio kabisa. Oili ile nzito ilikuwa imelala kama samli, haijafika kokote. Nukta alizima, akakaa kitini. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa babu, naye alitaka kulia kwa ajili ya kidude kinachozunguka.

Fundi aliyempelekea gari alikuwa mwanamke mwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta, aliyeitwa Sikio kwa sababu ya kuweka bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, na kusikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Alisikiliza baridi, akasikiliza moto, akaondoka kwenda kunywa maji, akarudi akasikiliza tena. Turbo haijafa, alisema, ila ingependa. Hii nzito inaichelewesha asubuhi, inakaa na kiu. Ile nyepesi nayo, kwa injini iliyolika kiasi hiki, ikichemka haina nguvu ya kubaki mahali pake, inapita na kuungua, ndiyo huo moshi. Gari hili linataka ya katikati, 10W-40, ile ya sintetiki isiyoungua upesi.

"Ulikuwa unatia nini zamani, wakati gari ni zima?" akauliza.

"5W-30," Nukta akasema. "Miaka yote."

"Hapana."

"Nasema natia mwenyewe."

Sikio hakubishana. Alilala kwenye ubao wake wa magurudumu, akaingia chini ya gari, na sauti yake ikatokea huko. Aliuliza nati hii hufunguliwa mara ngapi. Nukta akasema kila anapobadilisha oili, basi, na yeye peke yake ndiye anayeifungua, kwa spana ya saizi yake. Sikio akasema hii imefunguliwa zaidi ya hapo, na kwa spana isiyo ya saizi yake, pembe zote zimeviringika.

"Basi una mwenzako," alisema, akatoka chini ya gari na kufuta mikono. "Na huyo mwenzako ni fundi hasa. Alikuwa anakuchanganyia. Mtafute akwambie vipimo."

Nukta akashika usukani. Aliendesha taratibu mpaka nyumbani, akampumzisha Mluzi, akaenda moja kwa moja kwenye kopo la washa za zamani na kulimwaga juu ya gazeti.

Sasa huyu ni mtu aliyewahi kurudisha timu nzima porini kwa sababu ya jiwe la mpaka lililosogea upana wa kidole. Alikuwa akifungua nati ile kwa miaka, kila mara akichomoa washa iliyojaa oili nyeusi na kuitupa koponi bila kuitazama, kwa sababu alijua ni washa ya shaba, maana yeye ndiye aliyeiweka. Akazifuta moja moja kwa kitambaa. Kulikuwa na ya shaba moja, ya mwanzo kabisa. Zilizobaki zilikuwa za mpira mweupe, zimekatwa kwa mkasi, mviringo wake ukiwa mzuri ila si kamili.

Alizibeba kwenye kiganja mpaka jikoni. Mkunga alikuwa anakata kitunguu.

"Hizi ni nini?"

Mkunga akatazama. "Mpira wa sufuria yangu ya presha," alisema. "Ndiyo maana haifungi tena."

Nukta akavuta kiti. Mkewe aliendelea na kitunguu na kumsimulia, kwa sauti ile ile aliyotumia maisha yake yote kuwaambia watu kwamba ni pacha. Kila Nukta alipobadilisha oili, kesho yake akitoka tu, miguu ya Shemeji huonekana chini ya gari. Hufungua nati, hutoa jagi moja la ile nyepesi, huziba kwa washa ya mpira na kumimina jagi moja la ile yake nzito. Halafu kila Jumamosi, Nukta akiwa kwa kinyozi, huja na kikombe chake kile cha bluu, hupima na kijiti, huongeza kilichopungua. Galoni alilificha nyuma ya mapipa ya maji.

"Kwa hiyo gari lilikuwa linakula oili siku zote."

"Kikombe kwa wiki. Wakati mwingine kikombe na kidogo."

"Na wewe ulijua."

"Dirisha hili linatazama wapi?"

"Mbona hukuniambia?"

Mkunga akaweka kisu chini. "Mwanzoni nilidhani mmekubaliana. Nilipojua hamjakubaliana, nikaangalia. Gari zima, nyinyi kila Jumapili mnacheka. Ningekwambia ningepata nini? Ningekuwa na gari bovu na wanaume wawili wamenuna. Sasa si ndivyo nilivyo?"

 Nukta alikaa na mipira yake mkononi. Alikumbuka jinsi alivyojigamba kwa daktari wa meno, kijiti mkononi, na yule mtu barazani akipaliwa na chai. Shemeji angeweza kusema. Sentensi moja tu ingetosha, na aliyeaibika angekuwa mwingine. Alinyamaza, akaitwa abiria, akamaliza chai yake. Nukta aliona aibu mpaka masikio yakamwuma.

Alipiga simu jioni hiyo. Shemeji alipokea, wakasalimiana kwa ukamilifu, kila mmoja akauliza afya ya kila aliyepo. Kisha Nukta akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, jagi lile lilikuwa linajazwa mpaka wapi.

Nukta akatazama simu kuona kama imekatika.

"Jagi gani?" Shemeji akasema.

"Shemeji."

"Mambo ya oili hawaulizwi abiria," Shemeji akasema, kwa upole kabisa, akamtakia usiku mwema na kukata.

Siku ya pili Nukta alikwenda duka la vipuri, hili la siku zote. Galoni za 10W-40 zilikuwa zimepangwa rafu ya katikati, baina ya nyepesi na nzito, na zilikuwa zimekaa hapo miaka yote hiyo ya ubishi wao. Alisimama mbele yake muda mrefu. Ukiwa na hii huhitaji kitabu kushinda wala kushindwa. Huhitaji jagi, wala mtu wa kulala chini ya gari kesho yake. Hata hayo maelezo ya vipimo aliyoyaomba kwenye simu hayahitajiki. Gari litapona bila mtu mwingine yeyote, na Nukta aliona wazi kwamba jambo hilo halimfurahishi hata kidogo.

Akanunua. Gari ni gari, lazima litendewe haki. Alimwaga ile nzito, akabadilisha filta, akafunga washa ya shaba, akamimina mpya polepole huku akipima kila mara. Mkunga alimwona kupitia dirisha lile lile akifika karibu na alama ya juu, akisimama, akichungulia galoni, akifunga kifuniko kabla ya kumaliza. Alimfungulia dirisha akamwambia bado haijajaa.

"Najua," Nukta akasema. "Vaa, tunasafiri."

Mluzi alipanda milima ile bila moshi. Ule mluzi ulikuwa umerudi kuwa mwembamba, na Mkunga aliegemeza kichwa akausikiliza njia nzima. Walizungumza kidogo. Nukta alikuwa akijaribu tena kutunga maneno, na tena yote yaliishia kwenye lakini, na kwenye mteremko wa mwisho akaacha kutunga.

Walisimama mbele ya nyumba ya binti yake Shemeji, nyumba yenye mlango wa kijani na viatu vingi vya watoto nje. Hawakuzima. Hata kabla ya Mluzi kumaliza kupumua mlango ukafunguka na Shemeji akatoka, kandambili miguuni na taulo la jikoni begani. Hakuwatazama waliomo. Aliinamisha kichwa upande mmoja akisikiliza injini, akazunguka nyuma kutazama bomba la moshi, akarudi mbele. Mkunga akahamia kiti cha nyuma bila kuambiwa na kumwachia kaka yake cha mbele. Shemeji akaingia, akafunga mlango. Wakawa watatu wanautazama mlango wa kijani.

"Nani amelirekebisha?" Shemeji akauliza.

"Kuna oili ya katikati. 10W-40."

"Iko ya katikati?"

"Iko rafu ya katikati."

Shemeji akaitikia kwa kichwa taratibu. Injini ilinguruma. Nukta akajua kwamba akizima kabla ya kusema, hatasema tena.

"Nilikuita abiria," alisema. "Gari hili lilikuwa zima kwa sababu yako, na mimi nikajisifia kwa mgeni. Nilikosea." Akasubiri ile "lakini" ije. Haikuja. "Nisamehe, shemeji."

Shemeji alikunja lile taulo mara mbili juu ya goti. "Zima," alisema. "Ameshapumua."

Nukta akazima. Binti akaleta chai, wakainywa wamesimama pale pale nje, kwa sababu Nukta alisema oili ishuke kwanza ndipo ipimwe sawasawa, na Shemeji akakubali kwamba hilo ni kweli. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana juu ya oili. Kisha Nukta akafungua boneti na kusogea pembeni.

Shemeji alichomoa kijiti, akakifuta kwa taulo la binti yake, akakirudisha, akakichomoa tena. Alikiinua kwenye mwanga. Alisugua oili kati ya vidole, akainusa, akaonekana kuridhika nayo kuliko alivyopenda kuonekana. Halafu akatazama tena kijiti na kukunja uso.

"Imepungua," alisema. "Kama kikombe kimoja."

"Ndiyo," Nukta akajibu. Akatoa galoni lililobaki na oili kidogo kutoka nyuma ya kiti na kuliweka juu ya injini. "Hicho sikukitia."

Shemeji alimwangalia, akaliangalia galoni, akaingia ndani. Alikawia. Alipotoka, mkono mmoja ulikuwa na kikombe cha bluu kilichovunjika mkono, na wa pili ulikuwa na sanduku.